Jina Lililokosekana Katika Ushuhuda Wangu

Nakumbuka Jumamosi moja, mwanangu, nikiwa bado msichana mwenye vidole vyepesi na mdomo mwepesi zaidi, nilikuwa namsuka bibi mmoja katika saluni ya katikati ya jiji hapa Durban huku nikikariri maneno ya mtume kwa sauti. Usidhani nilikuwa mtakatifu kupita wenzangu. Kanisani kwetu tulikuwa tunaandaa mchezo wa Pasaka, nami nilikuwa nimepewa nafasi ya yule mtume wa mataifa aliyefungwa Kaisaria akajitetea mbele ya maliwali wa Kirumi. Wanaume wote walishindwa kukumbuka maneno. Mimi niliyakumbuka, nikavishwa shuka na ndevu za pamba, na usicheke, zilinipendeza.

Nakusimulia haya kwa sababu jana nilikusikia kwenye ngazi za jengo letu. Wiki ijayo unaitwa kwenye kikao cha rufaa kueleza upya kwa nini ulikimbia nyumbani, na ulikuwa unafanya mazoezi kwa sauti ya mhubiri, wenzako wakikuitikia amina. Nilisimama na mfuko wangu wa viazi mpaka ukamaliza. Maneno yako yalikuwa matamu sana, na utamu huo ndio ulionitia wasiwasi. Kaa basi, chai ipo, na usinikatize mpaka nifike mwisho.

Siku zile na mimi nilikuwa nasubiri rufaa. Nilikuwa nimetoka Burundi kwa miguu na kwa malori, nikafika hapa mtaa wa Albert Park nikiwa na nguo nilizovaa, nikaomba hifadhi. Ofisa wa kwanza alinisikiliza, na baada ya muda likaja jibu kwamba nimekataliwa. Rufaa nayo ikianguka, nilitakiwa niondoke nchi hii. Kurudi kilimani kwetu sikuweza, nyumba ilikuwa imechomwa na wazazi wangu wamo ndani ya ardhi ile. Nilikuwa sili vizuri. Nilikuwa nasuka nywele za watu na kusahau nimeanzia upande gani.

Nilikataliwa kwa nini? Hapo ndipo penye habari. Unajua jinsi ushuhuda unavyotolewa kanisani kwetu. Unaanza na Bwana asifiwe, unasimulia shida, sauti inapanda, Mungu anaingia, akina mama wanapiga vigelegele, unakaa. Mtu aliyekusaidia humtaji, maana ukimtaja unaonekana unampunguzia Mungu utukufu. Na sisi Warundi tulikuwa na sababu nyingine tusiyoisema. Kwenye benchi moja waliketi watu wa pande mbili zilizochinjana. Ukitaja jina la mtu umetaja na upande wake, na hapo amani imekwisha. Basi tukazoea kushukuru bila kutaja majina, na kwa kweli ilitusaidia kuishi.

Mimi nikaubeba ushuhuda huo mzimamzima mpaka mbele ya ofisa. Aliniuliza nani alinitoa kilimani kwetu, nikasema Mungu. Akaniuliza kama kulikuwa na kizuizi barabarani, nikasema hakuna kizuizi ambacho Mungu hawezi kukivunja. Akaniuliza nilipita na nani, nikamwambia malaika walikuwa mbele yangu na nyuma yangu. Alikuwa mama mpole. Alisubiri, akauliza tena kwa njia nyingine, nami nikapandisha sauti nikijua sasa ndipo anapoguswa. Jibu lake lilisema maelezo yangu hayakuwa na jambo ambalo mtu angeweza kulichunguza. Nilikasirika mwezi mzima, nikamwita kipofu wa roho.

Kanisani waliamua kwamba sikusema kwa nguvu ya kutosha. Aliyeshikilia hilo zaidi ni Evariste, kiongozi wa kwaya, Mrundi mwenzangu aliyetangulia kufika hapa na kujua Kiingereza vizuri. Yeye ndiye aliyecheza liwali katika mchezo wetu, na siku za kazi alikuwa mkalimani kwenye vikao vya wakimbizi.

"Dada Goreti, ulisemaka polepole sana," aliniambia. "Simama kama mtume. Ile siku ya rufaa ni mimi nitatafsiri. Wewe leta moto, mimi nitaupeleka kwa Kiingereza."

Kwa hiyo ule mchezo wa Pasaka ukawa ndio mazoezi ya rufaa yangu. Nikisoma maneno ya mtume, najiona mimi. Evariste akikaa kwenye kiti cha liwali, naona kikao.

Sasa turudi saluni. Yule bibi niliyekuwa namsuka aliitwa Bibi Zuhura, mzaliwa wa hapahapa Durban, wa wale Waislamu ambao babu zao waliletwa zamani kutoka pwani ya Afrika Mashariki. Tulimsuka nyuma ya pazia ili wanaume wasimwone kichwa wazi. Kiswahili chake alikirithi kwa wazee wake, na pale kilipomwishia alijazia Kizulu. Alikuwa mdadisi wa kupindukia. Ukimwambia jana ulikula samaki, atakuuliza samaki gani, umemnunua wapi, na kichwa alikula nani.

Aliniacha nikariri kidogo, kisha akashindwa kuvumilia. Aliniita mntanami, yaani mwanangu kwa Kizulu.

"Hawu, mntanami. Huyo mtu wako kafanya nini hata akashikwa?"

"Alihubiri Injili, bibi."

"Hiyo kazi yake. Nauliza walimshtaki nini. Mtu hapelekwi kwa mkubwa bila shtaka."

Nikafikiri. "Walisema analeta fujo. Na kwamba amelinajisi hekalu."

"Kalinajisi?"

"Hapana!"

"Siku hiyo alikuwa wapi? Anafanya nini? Yuko na nani?"

Nikamwambia nadhani alikuwa anaomba. Bibi Zuhura akageuka kunitazama, msuko ukanichomoka mkononi.

"Unadhani? Wewe ndiye yeye, na unadhani?"

Nikacheka, lakini nilihisi joto usoni. Yeye hakunipa nafasi. Alitaka kujua wale watu walipomkamata na kumpiga, karibu kumuua, nani alimtoa mikononi mwao. Nikajibu upesi kwamba ni Mungu.

"Mungu ndiyo, alhamdulillahi," akasema. "Kwa mkono wa nani?"

Katika mchezo wetu, mahali hapo mimi nilikuwa chini, kwaya inaimba, halafu nasimama mzima. Hapakuwa na mkono wa mtu yeyote. Nilikuwa nimekariri habari hii neno kwa neno, na mwanamke wa dini nyingine ananiuliza jambo jepesi ambalo sijawahi hata kujiuliza.

"Sijui, bibi."

"Kaangalie kitabu chako, halafu uje uniambie. Nisipojua sitapata usingizi, wena."

Nilikwenda kuangalia, mwanangu, na sikuenda kwa sababu ya imani. Nilikwenda kwa sababu swali lake lilikuwa linaniwasha. Jumapili baada ya ibada nilikaa kitandani kwangu, kwenye ile fleti tuliyoigawa kwa mapazia, nikasoma polepole habari niliyodhani naijua. Na yote yalikuwemo! Aliyemtoa mtume kwenye umati alikuwa mkuu wa askari wa Kirumi. Alishuka mbio na watu wake, na pale kwenye ngazi askari walimbeba mtume kwa jinsi watu walivyokuwa wakali. Askari wa mtawala. Mtu asiyeamini Mungu wetu. Na jina lake limeandikwa pale, halikufichwa, limesomwa makanisani vizazi na vizazi, nami nililiruka kila mara kwa sababu halikuwa na noti ya kuimba.

Nikaendelea. Mbele ya liwali, nilitarajia mtume angurume. Kumbe alianza kwa kueleza ni siku ngapi zimepita tangu aingie mjini. Akasema alikwenda kufanya nini. Akasema alikutwa mahali gani, katika hali gani, na kwamba hakuwa na umati wala ghasia. Akasema wapo watu fulani waliomwona, na hao ndio walipaswa kuja pale kumshtaki. Kila jambo alilolisema, liwali angeweza kumtuma mtu akalichunguze. Imani yake hakuificha, aliikiri palepale mbele yao wote. Lakini aliisimamisha juu ya ardhi, penye tarehe na mahali na watu. Habari ya mwanga uliomwangukia njiani aliisimulia kwa kirefu siku nyingine, mbele ya mfalme aliyekuwa na hamu ya kumsikia.

Nililala chali nikatazama dari. Nilikuwa nimevaa ndevu za mtu huyu majuma mengi na sikumjua hata kidogo.

Bibi Zuhura alirudi Jumamosi iliyofuata, eti msuko mmoja umelegea. Haukuwa umelegea. Nikavuta pazia, nikamsimulia yote, naye akanikatiza kila nukta. Askari walikuwa wengi? Walimpeleka Kaisaria kwa farasi? Yule mkuu alipata nini kwa kumwokoa? Nilijibu niliyoyajua, na yale nisiyoyajua nikasema siyajui, na nikaona kwamba kusema sijui hakukunipunguzia kitu. Yeye aliniamini zaidi.

"Na jina la huyo askari wameliandika?" akauliza.

"Limeandikwa, bibi."

"Basi hao walikuwa watu wa haki." Habari zangu saluni nzima ilizijua. "Na wewe, mntanami? Kwa mkono wa nani?"

Mikono yangu ikasimama kichwani mwake. Uzuri wa kusuka ni kwamba unayezungumza naye hakuoni uso. Kama angekuwa ananitazama nisingesema kamwe.

Nikamwambia. Kilimani kwetu kulikuwa na fundi baiskeli, Ferdinand, na mke wake Daphrose. Walikuwa wa upande ule uliotuchomea nyumba. Asubuhi baada ya moto nilijikuta nyuma ya jiko lao, sikumbuki nilifikaje. Daphrose alinifunga tumboni nguo zilizokunjwa, akanivika kitenge chake cha njano na kitambaa chake cha kichwani, akaniambia nitembee kama mwenye uchungu. Ferdinand akanipeleka mpaka kwenye kizuizi. Vijana waliokuwa pale wengine walikuwa watoto wa ndugu zake. Walimuuliza huyu nani. Akasema ni mke wangu mdogo, nampeleka kujifungua. Wakamuuliza nimetoka wapi, mbona hawanijui, wa nani mimi. Alijibu kila swali. Aliwapa jina la baba ambaye hakuwepo na kilima ambako sikutoka. Muda wote mkono wake ulinishika kiwiko. Kisha wakatupisha. Ng'ambo ya kijito akanionyesha njia, akageuka kurudi, na sikumwambia hata asante. Alidanganya, ndiyo. Siku Mungu atakapomuuliza kuhusu uongo ule, natumaini nitakuwa karibu nimtetee.

Bibi Zuhura alikuwa analia kimyakimya, niliona mabega yake. Aliponena, hakunibembeleza.

"Kwa nini umemgeuza malaika?"

Nikaanza msuko mpya.

"Malaika hana haja ya shukrani yako. Huyu fundi anayo. Leo mtu akisema watu wa upande ule wote ni wauaji, nani atasimama kumtetea Ferdinand? Aliwekwa mbele ya watu wenye mapanga, akakukubali wewe kuwa wake. Wewe umewekwa mbele ya watu wenye kalamu, na umemkana."

Neno hilo liliniingia, mwanangu. Nilikasirika pia, sitakudanganya. Nilimwambia yeye hajui kwetu. Nikimtaja Ferdinand, watu wa upande wangu watasema nawasifia waliomuua baba yangu. Na mkalimani atakuwa Evariste, ambaye ni wa upande wa Ferdinand. Nitakaaje mbele yake nieleze walioshika mapanga walikuwa nani? Jumapili tuko kanisani, yeye anaongoza kwaya, mimi naimba mstari wa mbele. Bibi Zuhura alinisikiliza, akaguna tu, akajifunika kichwa.

Siku ya kikao nilivaa sketi ya kuazima. Mwenyekiti alikuwa mwanamke wa makamo mwenye miwani, na Evariste alikaa kando yangu, amenyoosha tai, akanikonyeza kwa maana ya kwamba sasa leta moto. Mwenyekiti akauliza lile swali lilelile. Nani alikutoa?

Ushuhuda ulikuwa tayari mdomoni. Nilihisi ukinisukuma meno. Nikaumeza, nikasema, "Alinitoa Ferdinand, fundi baiskeli wa kilima chetu. Alikuwa wa upande wa waliotushambulia."

Evariste hakutafsiri. Alinitazama tu. Mwenyekiti akamuuliza nimesema nini, akauliza tena, ndipo akatafsiri kwa sauti ndogo ambayo sijawahi kuisikia kwake. Baada ya hapo maswali yakaja mengi. Kizuizi kilikuwa upande gani wa kijito, vijana wale nani aliwajua, kitenge kilikuwa cha rangi gani, nilivuka mpaka na nani. Nilijibu. Mengine nikasema sijui, mengine nikasema nimesahau. Mwishoni nikaongeza bila kuulizwa kwamba namwamini Mungu, na kwamba naamini alimtuma Ferdinand, lakini miguu iliyonifikisha pale kizuizini ilikuwa ya Ferdinand na yangu. Mwenyekiti akaandika hata hilo.

Tulitoka nje, mimi na Evariste, tukatembea mpaka kwenye robot, zile taa za barabarani. Nilikuwa nangoja anitukane. Taa ikawa ya kijani, watu wakavuka, taxi zikapiga honi, yeye hakusogea.

"Jina yake tena?" akauliza.

"Ferdinand."

"Fundi wa baiskeli."

"Ndiyo, kaka."

Alitazama barabara. "Dada Goreti, mimi nilikuwaka kwa kilima cha ng'ambo, ile mwaka. Nilikuwa mutoto, lakini nilionaka vile watu ya kwetu walifanya. Kila Jumapili naimba pale mbele, najiuliza, hawa watu wananiona nani? Hakuna mutu aliniambiaka hata siku moja kama iko mutu wa kwetu mwenye alikataa." "Eish. Leo umenipatia mutu moja."

Akalia pale pale kwenye kona, tai yake imenyooka, watu wakitupita. Mwanamume mzima, liwali wetu wa Pasaka. Nikamshika mkono, nikalia naye, na tulipovuka barabara sikuwa naogopa tena jibu la rufaa. Lilikuja baada ya miezi mingi, na lilikuwa zuri, ndiyo maana niko hapa nakunywesha chai. Lakini nimeishi nikijua kwamba siku ile waliopewa hifadhi tulikuwa wawili.

Ferdinand nilimtafuta. Nimewauliza waliorudi kule, nimeuliza waliokuja kutoka kule, hakuna anayejua. Na hadi leo najiuliza kwa nini alifanya vile. Hatukuwa marafiki. Baba yangu aliwahi kugombana naye kwa ajili ya mpaka wa shamba. Nimelitafakari swali hilo miaka yote hii na sijalimaliza, na sitaki liishe.

Sasa sikiliza ninalokuambia, mwanangu. Ukisimama mbele ya wakubwa, usiende kuwahubiria. Waambie ulikuwa wapi, saa ngapi, na nani, na uliona nini kwa macho yako. Usichokijua, sema hukijui. Imani yako usiifiche, wakikuuliza ikiri, hata wasipokuuliza ikiri, lakini usiitumie kufunika njia uliyopita. Na yule aliyekutoa mtaje. Kama kumtaja kutamletea hatari, mwambie ofisa hivyo waziwazi, atajua la kufanya. Lakini kama unamficha kwa sababu tu ni wa upande ambao moyo wako umeukataa, au kwa sababu wenzako hawatakupigia amina, hapo utakuwa umemlipa vibaya sana. Unapojitetea wewe, yeye naye anakutegemea umtetee.

Nenda, na Mungu akutangulie ndani ya chumba kile. Akupe ulimi mtulivu na kumbukumbu isiyoogopa. Akupe watu wa kukusikiliza, na karatasi utakayoishi nayo kwa amani. Na ikitokea siku moja wewe ndiye unayejulikana kwenye kizuizi, na pembeni yako yupo mtu anayetetemeka, na wenye nguvu wanakuuliza huyu ni wa nani, Mungu akupe moyo wa kusema, ni wangu.